Kopo la Siagi na Keki ya Lea

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, ila usicheke, maana kucheka ndiko kulikoniponza.

Naitwa Ngolo, kwetu Usangu, naishi hapa Mlandege nachuuza chochote, leo vitunguu kesho sabuni, na shule niliishia la tatu nikaona inatosha. Mke wangu Severina alifundishwa kuoka na masista, ana daftari lake, humo kila kitu ni gramu, na alikuwa na mzani mdogo aliopewa na marehemu mama yake, mimi nikauchukua nikabadilishana na redio, hii hii ninayokusikilizia. Alipouliza nikamwonyesha kopo tupu la siagi.

"Mama, si limeandikwa nusu kilo? Jaza unga, nusu kilo. Jaza sukari, nusu kilo. Mzani wa nini?"

Akacheka, akaniamini.

Ikaja harusi ya mdogo wake, Lea. Asubuhi ya kuoka nikapita na kopo la unga dukani kwa Philbert, nikasema hebu pima tuone, ikaja gramu mia tatu tu. Philbert akaniambia, "Shemeji, humu umejaza manyoya ya kuku?" Nikajua nimekosea, ila nikaona haya, nikanyamaza.

Ukumbini keki ilikuwa imebonyea katikati, mafuta yanachuruzika, shangazi yao Tekla akasema mbele ya wakwe wote, "Masista walikufundisha kupika uji?" Watu wakacheka, na mimi, mshauri, nikadakia, "Leteni vikombe!" 

Severina kachoma daftari, karudi kwa baba yake Idodi, anasema mikono yake imekufa. Ya Philbert hayajui. Nikimwambia ataniacha, nisipomwambia haoki tena. Nifanyeje?

Ngolo, Mlandege

*

Marahaba, Ngolo. Sikucheka. Nilikuwa nakuonea huruma mpaka nilipofika kwenye vikombe.

Kopo lile liliandikwa uzito wa siagi iliyokuwamo, siyo wa utakachojaza wewe. Unga ni mwepesi. Ukipungua, hakuna cha kushika mafuta na sukari, keki inakaa chini. Kutojua hilo siyo kosa. Lakini asubuhi ile ulijua, na keki ilikuwa haijaingia motoni. Ungesema tu, "Mama, ongeza unga."

Unaogopa atakuacha? Ameshakuacha, yuko Idodi.

Basi zima redio. Irudishe ulikoitoa, uchukue mzani, kisha panda basi na kopo lako. Wakwe zako wakishakaa, na shangazi Tekla aitwe, pima kopo la unga, pima kopo la sukari, kila kimoja peke yake, na shangazi asome mwenyewe. Halafu sema ulijua. Utani hapo usitie hata kidogo. Mpe na daftari jipya, yaliyoungua bado anayo kichwani.

Huenda akarudi kuoka asirudi kwako. Mzani mwachie, ni wa mama yake. Wewe rudi Mlandege, na nyumba ikiwa kimya, usitafute redio nyingine.