Kurudi Ndiyo Iko Mbali

Mama,

Kesho jioni napanda ndege Entebbe. Usishtuke huko uliko. Ni mimi Furaha, yule yule uliyemcheka kwa kuogopa hata ngazi. Dada Neema amejifungua mtoto wa kike kule Toronto. Safari ya kwenda kumkanda mzazi ilikuwa yako, lakini umetutangulia, basi nimetumwa mimi. Ndagala, wale dagaa wakavu wenye harufu kali, nimezifunga ndani ya vitenge vyako viwili, abiria wenzangu wasije wakalia kabla hatujapaa.

Unakumbuka Neema alipoondoka? Aliruka jioni, kesho yake akapiga simu kuwa amefika na kwao ni asubuhi. Ukahesabu kwa vidole pale kwenye meza yetu ya vitenge sokoni Owino, ukaridhika: kumbe ni usiku mmoja tu. Kisha akatusomea tikiti yake ya kurudi: kuondoka asubuhi, kufika Entebbe kesho yake mchana. Ukahesabu tena, vidole vikaisha. Ukatangaza soko zima lisikie: "Kwenda iko karibu, kurudi ndiyo iko mbali! Ndiyo maana batoto bakishaenda habarudi!"

Nikakueleza kwamba saa za kule ziko nyuma ya zetu, kwamba jua linatufikia sisi kwanza. Ukaniuliza kama jua nalo linakata tikiti. Na ile tikiti ikaisha muda, Neema akapata kazi, akapata mume, nawe ukawa unanitazama kwa jicho la "si nilisema?" Hata siku ya kukuzika alikuwa na mimba kubwa, akakulilia kwenye simu niliyoishika juu ya kaburi. Siku hiyo niliumia, Mama. Niliona umesema kweli.

Sasa soko zima limeshika neno lako. Mama Nakato, jirani yetu, amekuja na kamba kuipima meza yako. "Kanada? Haludi mutu huko! Mimi nachukua hii." Nilicheka naye, lakini moyo ulinichoma. Kampala nzima, ni pale tu ambapo bado naitwa mtoto wako. Nikaanza kujiogopa mwenyewe: je, na mimi nikinogewa?

Basi nikamuuliza yule dada wa ofisi ya ndege aliyenikatia tikiti. Akasema ni kilomita karibu elfu kumi na mbili, na kwenda na kurudi ni zile zile. Ila hewani muda si sawa. Kwenda, ndege inapigana na upepo. Kurudi, upepo unaisukuma mgongoni, na safari inapungua saa mbili hivi.

Umesikia, Mama? Kurudi ndiyo karibu! Nilicheka ofisini mwa watu hadi mlinzi akachungulia. Nikaenda mbio kumwambia Mama Nakato. Ameikunja kamba yake, ingawa hajaitupa.

Haya, pumzika, mama yangu. Nitamkanda Neema kwa maji ya moto mpaka apige kelele, nitambeba mjukuu wako mgongoni kwa kitenge chako cha njano, na nitamwambia dada habari za huo upepo, labda utamsukuma na yeye. Kisha nitarudi. Nitakuja kwako kwanza, hata kabla ya kuoga, nisimame hapo na vumbi langu la safari.

Ulihesabu vibaya, Mama, na ushahidi nitakuwa mimi.

Mwanao,
Furaha