Vipande vya Ukurasa wa Mwisho

Awindiri, Arua,
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Enoch,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na Daniella, na wale wanangu wawili? Baridi ya huko imeanza kuuma? Vaa soksi mbili, usijifanye kijana. Sisi tuko hai. Goti langu la kushoto bado linanisumbua, mvua haitaki kukatika, na mihogo ya Aroi imeanza kuoza shambani. Namshukuru Mungu kwa yaliyobaki.

Ningekupigia simu, lakini humu ndani ya bahasha kuna kitu kisichopita kwenye simu. Tena kwenye simu ungenikatiza. Leo nyamaza unisikilize.

Ni habari za Yengi, mtoto wa kaka yangu Aliga, yule rafiki yako. Ana miaka ishirini na moja sasa, na ndiye katibu wa chama cha mashabiki wa katuni hapa mjini. Usicheke. Wako kama thelathini, wanakutana Jumamosi nyuma ya saluni moja, wengine wamevaa nguo za mashujaa walizojishonea. Yengi amejishonea ya Radi, ile ya njano yenye mkanda mweusi. Mwezi uliopita wakamwomba awaeleze historia ya katuni za mashujaa kwetu, maana hakuna mwingine aliyekulia kando ya sanduku la vitabu hivyo.

Basi akawaeleza jinsi ulivyokuwa ukichambua vitabu vya Radi kutoka kwenye marobota ya karatasi kuukuu, yale yaliyoletwa Koboko ili wauza njugu wapate za kufungia. Jinsi ulivyoandika Kiswahili kwa herufi kubwa kwenye vipande vya karatasi, ukavibandika kwa uji wa muhogo juu ya Kiingereza. Jinsi baraza la Kadijah wa chapati lilivyojaa watu wa kukusikiliza ukisoma, na madereva wa Omugo wakikataa kuwasha gari mpaka Radi atoke kwenye moto. Kadijah mwenyewe alimtia Radi kwenye dua zake, unakumbuka?

Wakampigia makofi. Kisha kijana mmoja, Yugu, akasimama na simu yake. Akasema kitabu cha arobaini ndicho cha mwisho, kampuni iliyokichapa ilikufa zamani, na Radi mwenyewe anakufa humo. Yengi akamcheka mbele ya wote. "Radi hakufa. Kitabu iko kwetu, naleta sasa hivi."

Nilikuwa jikoni nachambua mboga za dodo. Nikasikia sanduku likiburutwa, nikajua. Akafungua ukurasa wa mwisho, pale Radi amelala juu ya mawe, na maneno yako yanasema, "Nimechoka tu. Nipumzike kidogo, kisha nitarudi nyumbani." Uji ulikuwa umekauka na kona ya kipande imeinuka. Akakivuta kwa ukucha. Akavivuta vyote vinane vya ukurasa ule. Chini yake hakuna anayepumzika, ni wenzake wanaomlilia.

Nilidhani atalia kwa ajili ya Radi. Wapi! Alikwenda chini ya godoro lake, akatoa barua za baba yake, akazipanga mezani kando ya vile vipande. Barua ya kwanza inaanza hivi: "Mwanangu, nimechoka tu. Nipumzike kidogo, kisha nitarudi nyumbani." Herufi kubwa zile zile, na ile R yako yenye mguu mrefu.

"Shangazi, hii mwandiko ni ya nani?"

"Ya Enoch," nikasema.

"Na baba iko wapi?"

Nikamwambia. Kwamba mwaka ule wa vita lori lilichomwa kwenye barabara ya Juba, Aliga akiwa ndani. Kwamba dereva mwenzake, Robert, alituletea habari sisi wawili, nasi tukamwapisha asimwambie mtu. Yeye Yengi alikuwa hospitalini, miaka tisa, malaria imempanda kichwani, anaulizia mambo mawili tu, baba na Radi. Mama yangu naye alikuwa na presha. Tukasema tungoje mtoto apone. Akapona. Tukasema tungoje mama apate nafuu. Mama akafa akimngoja Aliga, na sisi bado tunatunga barua. Ulipokwenda Kanada barua zikakoma, nikamwambia mtoto kwamba baba yake hajulikani aliko. Miaka kumi na miwili, Enoch, na hakuna aliyemlilia kaka yangu. Wazee wa Aroi nimewaambia juzi tu.

Yengi amekukasirikia wewe. Anasema ulimtunga baba yake kama ulivyomtunga Radi. Nguo ya njano ameikunja, na chamani haendi tena. Mimi ananikanda goti, ananipikia uji, ananiita maskini shangazi, eti sikuwa na nguvu ya kukuzuia. Nami nimenyamaza wiki tatu. Naona aibu kuliandika hili. Mkono ulikuwa wako, lakini nani alikaa pembeni akikutajia? Ile "nimechoka tu" niliisema mimi, ya Radi na ya Aliga. Wewe ulitaka mtoto aambiwe, ukanisihi mara mbili, nikakufokea. Kila siku nafungua mdomo nimwambie, yanatoka maneno ya mihogo.

Sasa kilichomo kwenye bahasha. Yengi amekata vipande vinane vya karatasi, kila kimoja na kipimo chake kwenye ukurasa ule. Anataka uandike habari za baba yake kwa herufi zako zile zile: alikufa wapi, alikufaje, nani walijua. Atavibandika mwenyewe, na kitabu kitakwenda Aroi siku ya kumlilia Aliga, Jumamosi tarehe 13 Desemba. Mpe mtu anayekuja huku, na usivipambe.

Wasalimie Daniella na watoto. Kadijah anakusalimu, macho yake yamepungua lakini chapati bado haziungui. Robert pia anakusalimu. Anasema tangu niwaambie wazee, analala usingizi. Mungu akufunike huko kwenye barafu, wewe na wote waliomo nyumbani mwako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata pale nilipokuonea,

Candiru

Sijaifunga bado. Nimemwita Yengi, nikampa barua hii aisome kabla haijaondoka. Ameisoma akiwa amesimama. Amerudi mwanzo, akaisoma tena. Kisha ametoa kipande kimoja kwenye bahasha, akakiweka mezani mbele yangu, na kalamu juu yake. Kwa hiyo utavikuta saba.