Kibao Ulichoniachia, Wajina

Wajina,

Mwangaluka. Nakusalimu ingawa najua hakuna wa kuitikia. Huku Bariadi pamba imeanza kupasuka, watu wako mashambani, mji umepoa. Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Ila mimi nimebanwa, wajina, na mtu niliyezoea kumwambia kwamba nimebanwa ulikuwa wewe.

Nimebanwa na kile kibao chako cha kusomea vitabu.

Nianzie siku ya kugawa vitu vyako. Tulikaa uani kwako, wazee wa ukoo wenu kwenye viti, sisi wanawake kwenye mikeka. Hukujaliwa mtoto, kwa hiyo vitu vyako vilikuwa vinatafuta njia. Kitanda kikapata mtu. Majembe yakapata watu. Hata ile khanga yenye tundu la pasi ilipata mtu, na akashukuru. Ikafika zamu ya vitu vya umeme. Kaka yako Gamaya akasema vyenye waya ni vya wanaume, maana vina shoti. Akachukua redio, sola, kompyuta, na furushi zima la nyaya. Kibao kikabaki peke yake juu ya mkeka, hakina waya, wanakigeuzageuza. Mmoja akasema ni simu iliyokufa. Gamaya akabonyeza, kikawaka, na pale juu kimeandikwa Sofia. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba uingie.

"Kinajitaja chenyewe," akasema. "Mpeni wajina wake."

Nilipiga magoti nikakipokea kwa mikono miwili. Mimi si ndugu yenu wa damu, sikutegemea kitu. Kisha yule baba yenu mdogo mwenye fimbo akatoa neno la mwisho, kwamba kilichorithiwa hakitoki kwenye boma la mrithi mpaka ibada ya kumbukumbu ipite. Unaijua desturi yenu. Watu wote wakaitikia, na mimi nikaitikia kwa sauti. Sikujua najifungia mlango.

Jumatano iliyofuata akina mama wa jumuiya wakaja kwangu badala ya kuja kwako. Mayu Holo, yule mama yetu mkongwe, naye akaja na fimbo yake, akashikwa mkono, akakaa karibu nami kabisa kama alivyokuwa akikaa karibu nawe. Nikakitoa kibao niwasomee kama ulivyokuwa ukiwasomea. Chaji ilikuwa imeisha yote baada ya siku ile ya kugawa, nikawa nimekichaji kwa waya wa simu yangu. Kikawaka vizuri, lakini kikawa kimesahau kila kitu. Kinaonyesha picha ya kompyuta na waya, basi, na chini yake maneno ya Kiingereza. Nikabonyeza huku na huku. Picha ile ile. Akina mama wakaningoja. Tukasali rozari, wakaenda zao.

Wajina, wewe unajua ndani yake kuna nini, ila acha niseme, moyo wangu utulie. Kuna nyimbo zetu. Zile za bibi zetu za Kisukuma tulizozifuata Zagayu na kwingineko kwa miguu, wao wakiimba, mimi nikiwashikia watoto, wewe ukiandika. Uliniambia kompyuta imejaa, ukazihamishia zote kwenye kibao. Wengi wa wale waliotuimbia wameshatangulia. Anayezijua sauti zake amebaki Mayu Holo tu, na yeye maneno yanamkimbia, anashika mstari wa kwanza kisha anabaki anatikisa kichwa. Maneno yako ndani ya kibao, sauti iko kwenye koo lake, na koo lenyewe siku hizi limejaa kikohozi. Hivyo viwili visipokutana mapema, nyimbo zimekwisha.

Nikamwendea Mama Zena, yule Mzaramo, mtani wetu, wa duka la kuchapisha karatasi kule sokoni. Kwa kuwa kibao hakiruhusiwi kutoka kwangu, alikuja yeye na kompyuta yake. Akachomeka waya wa simu yangu. Kibao kikaonyesha kinapata chaji, lakini kompyuta haikusema lolote, kama vile hajaingia mgeni. Akabadilisha tundu. Akazima vyote viwili akawasha tena. Akaniagiza nyaya kwa majirani, tukazijaribu zote, ni vile vile. Ndipo akanieleza kwamba kuna waya wa kulisha tu, na kuna waya wa kulisha na kuzungumza, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hizi zetu zote zinalisha, ni bubu. Waya uliokuja na kibao ndio unaozungumza. Akaniuliza uko wapi. Uko Lalago, nikamwambia, kwa Gamaya, pamoja na shoti zake.

Nikaenda Lalago. Kaka yako alinipokea vizuri, tangu nipewe kitu chako ananiita dada. Kompyuta yako imewekwa juu ya stuli sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haiguswi na mtu. Waya wako uko kwenye sola, unachaji simu za kijiji kizima. Nikaeleza shida yangu taratibu. Akasema, "Dada, waya sikukatalii hata kidogo. Lete kibao hapa." Nikamkumbusha kuwa kibao hakitoki kwangu. Akafikiri. Akasema na waya nao hautoki kwake, na kompyuta vivyo hivyo, neno limeshatolewa. Tukatazamana, watu wazima wawili, kila mmoja amefungwa ndani ya boma lake na hakuna mwenye kosa. Akanishauri ningoje kumbukumbu, baada ya mavuno ya mwakani. Mayu Holo angojee mavuno ya mwakani, wajina! Nikala ugali wake na kuku wake, nikarudi. Nilisali, lakini nilikuwa nasali kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyoona kwa macho yake kwamba wenyewe wameondoka. Mungu anisamehe.

Nilipomsimulia Mama Zena alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama Wasukuma wa Lalago ni Wasukuma kweli au wa kuigiza. Nikasema ni wa kweli. Akafunga duka.

Tulipofika Lalago hakubisha hodi. Aliingia moja kwa moja sebuleni, akatwaa kile kitambaa akajitanda kichwani kama bibi harusi, kompyuta akaitia kwapani, akatoka nje akachomoa waya kwenye sola, simu ya mtu ikabaki inaning'inia. Mke wa Gamaya akaja mbio na mwiko mkononi.

"Wala michembe ya viazi nyie," Mama Zena akawaambia, "kompyuta mnaivika nguo, mnangoja itage?"

Gamaya akajitahidi kukasirika. Niliona midomo inamshinda. "Mzaramo, rudisha hiyo. Haichezewi kama ngoma zenu."

"Mtani haazimi, anachukua. Ukiitaka, njoo uikomboe na kuku, na awe mnene. Si kama yule uliyemlisha huyu maskini, amerudi Bariadi anaota mifupa."

Watu walijaa uani wanacheka. Mimi nilisimama kando, maana nilijua mwisho wa yote ni yule baba yenu mdogo mwenye fimbo. Akaja polepole, akaelezwa. Akamwangalia Mama Zena na kitambaa chake kichwani. Kisha akasema, "Haijatoka. Imetekwa na mtani." Akaondoka zake. Wajina, nilitaka kumkimbilia nimshike miguu.

Kwangu tukaunganisha. Safari hii kompyuta ikalia, ule mlio mdogo kama wa ndege, na ile programu yako ya vitabu ikafunguka yenyewe. Nikadhani tumevuka. Ikadai neno la siri. Tukajaribu jina la mama yako, la kijiji chenu, la shule uliyofundisha mpaka ukastaafu, tukajaribu hata jina la yule ng'ombe wako mweupe. Ikakataa yote. Ikaandika kwamba kifaa hiki ni cha mtu mwingine, na kwamba kama tunataka kukitumia, itafuta kila kilichomo kianze upya na mwenyewe mpya. Tukubali au tuache. Mama Zena alikuwa ameshapeleka kidole. Nikamshika mkono, nadhani nilimuumiza.

Hakukasirika. Akaifunga ile programu kabisa, akasema hatuna haja ya kupitia kwa bawabu. Akakifungua kibao kama watu wanavyofungua flashi. Na humo ndani, wajina, pamoja na vitabu vyako, kulikuwa na fungu umeliita Nyimbo za Mayu. Ulivyokuwa unaandika vichwa vya nyimbo kwa herufi kubwa zote, hivyo hivyo. Nilikaa chini sakafuni. Mama Zena akazinakili kwenye kompyuta, akazinakili kwenye flashi yake, akazifungua moja moja nione kwamba zinasomeka. Zinasomeka.

Lakini vitabu ulivyonunua havifunguki popote. Hivyo vimefungwa na jina lako na lile neno la siri ulilokwenda nalo. Hili ndilo lililonikaa rohoni zaidi ya yote. Jembe lina mrithi, ng'ombe ana mrithi, hata jina la mtu lina mrithi, mimi na wewe ni mashahidi. Kitabu ulichokipata kwa haki hakina. Na kati ya hivyo ni kile tulichokuwa tunasoma Jumatano, cha yule mjane aliyenyang'anywa shamba. Umetuacha anasimama mbele ya hakimu, hajafungua mdomo.

Karatasi za nyimbo Mama Zena angeweza kunitolea kwa maandishi makubwa. Ila unajua macho yangu. Jumatano si nyimbo tu, kuna masomo, kuna sala, na bila kile kibao kinachokuza herufi hadi zilingane na maharage, mimi mbele ya wale mama ni kipofu anayeongoza wengine. Ili kifanye kazi lazima nikubali kufuta. Nikikubali, vitabu vyako na mahali pote ulipoweka alama vinakwenda. Nisipokubali, kinabaki na picha ya waya milele. Nilikaa nacho siku nyingi hivyo. Nilikuwa nakifuta vumbi, nakirudisha kabatini. Kukufuta wewe kwa kidole changu mwenyewe, wajina, ningeanzaje?

Jumatano iliyopita nikawaambia akina mama ukweli wote, na Mama Zena akiwa amekuja na kompyuta. Wakaguna. Mmoja akauliza kama hakuna namna ya kujua tu kama yule mjane alipata shamba lake. Nikasema hakuna. Mayu Holo alikuwa amefumba macho, nikadhani amesinzia.

"Bonyeza, mwanangu," akasema. "Huyo mjane tutamwombea."

Nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi, kikawa cheupe, na nikalia mbele za watu bila aibu. Mama Zena akaingiza nyimbo. Nikafungua wa kwanza, ule wa kupalilia, nikamsomea Mayu Holo mstari, akaimba. Mstari wa pili, akaimba. Wa tatu kikohozi kikamkata, tukangoja, nikamrudishia neno, akalipokea akaendelea nalo, na wale mama wakaitikia chini kwa chini. Hatukumaliza hata huo mmoja, alichoka.

Kwa hiyo bado nimebanwa, ila sasa najua nimebanwa na nini. Sauti yangu unaijua, ya kuitia kuku. Lakini nakuahidi, kila Mayu Holo atakapokuwa na pumzi nitakuwa pale namtajia maneno, na kila sauti atakayoitoa nitaijaza humu kifuani mwangu. Mungu akimwita kabla hatujamaliza, nitasimama mwenyewe niimbe zile nilizozishika, vibaya hivyo hivyo, mpaka apatikane wa kuzipokea.

Lala kwa amani, wajina. Kesho ni Jumatano, nikatandike mikeka.

Wako,
Sofia