Karani Apata Kwao

Kambini, Mwera, Pangani
4 Machi 1956

Kwa Shangazi yangu mpenzi Mboni,

Shikamoo Shangazi, na shikamoo nyingine umpe Mzee Uweso hapo hapo alipo, hata kama amejaa nyuzi za nyavu mapajani. Mimi na Laurenti hatujambo kiasi. Yeye kifua kinambana asubuhi kwa vumbi la mkonge, lakini anakula. Nami nimepata nguvu, nachota maji mwenyewe sasa. Ninyi huko Kigombe mnaendeleaje? Mguu wako umepoa?

Nina shida, nisikuzungushe. Mwezi uliopita nilikwenda kumwaga taka nyuma ya korona, pale mashine inapokamua mkonge, nikasikia sauti kwenye shimo la makapi. Alikuwa paka, amezama mpaka mabega, macho yanaomba. Nikavua kanga yangu ya juu, nikalala kifudifudi, nikamrushia pembe yake mpaka akaing'ang'ania kwa kucha, nikavuta. Yale makapi yanawasha, unajua. Mikono yangu ilivimba. Nikamwosha kwa sabuni ya kipande, akanikwaruza, nikamwosha tena.

Ni jike, mtu mzima kabisa, rangi ya tangawizi, sikio moja limechanika. Laurenti amemwita Karani, kwa sababu hukaa mlangoni akiwakodolea macho wapitao kana kwamba anawaandika.

Sasa sikia. Mbwa mwenye kichaa amemng'ata mtu kijiji cha jirani. Watu wa Bwana Mifugo wametangaza kwamba watapita mwishoni mwa mwezi huu, na mbwa au paka yeyote asiye na mwenyewe atapigwa risasi. Huku kambini haturuhusiwi kufuga, kwa hiyo siwezi kusimama mbele yao nikasema huyu ni wangu. Nimemuuliza jirani yangu Praxeda, nimemuuliza mke wa mwinjilisti, nimewauliza hata wapishi wa mabwana. Wote wanataka kitoto cha paka. Paka mzima, wanasema, ana tabia zake tayari.

Shangazi, mchukue. Nakuomba kwa magoti.

Mwanao,
Dorkasi


Kigombe
11 Machi 1956

Mwanangu Dorkasi,

Marahaba. Mzee Uweso naye kaitikia kutoka uani bila kuinua uso. Sisi wazima. Mguu wangu unauma ukitaka, usipotaka unaacha. Kilichonifurahisha ni kusikia unachota maji. Tangu mlipomzika yule mtoto mwaka jana nimekuwa nikikuwaza kila nikikunja mkeka asubuhi, sikukuambia tu.

Sasa hilo la paka. Dorkasi, umesahau shangazi yako anakula kwa kazi gani? Mimi naanika ng'onda. Ua wangu mzima ni samaki waliopasuliwa, wametiwa chumvi, wamelala juani wanangoja kuibiwa. Tangu niolewe huku na kusilimu, nusu ya maisha yangu nimeimaliza nikifukuza paka kwa ufagio, na wewe wataka kuniletea mwingine kwa basi. Nilimwambia Uweso. Akasema, "Paka mkubwa n'mwizi aliyehitimu," akarudi kwenye wavu wake.

Hata hivyo sikukaa bure. Nimetuma neno Tongoni kwa Saleha, mwenzangu wa biashara ya ng'onda. Naambiwa alicheka mpaka akapaliwa. Nimemuuliza Chiku jirani yangu, akasema paka mzima hurudi alikotoka hata umpeleke wapi. Mwalimu wa chuo cha Kurani anao wengi, mmoja analala ndani ya kofia yake. Hakuna anayemtaka, mwanangu. Mtafutie huko huko kwenye mashamba, ambako samaki hawaanikwi.

Nisamehe. Nakutumia ng'onda kidogo kwa Miraji wa basi, mle na ugali.

Shangazi yako,
Mboni


Kambini, Mwera
19 Machi 1956

Shangazi,

Shikamoo. Ng'onda tumezipokea, ahsante, Laurenti alitafuna mpaka mifupa. Afya zetu si haba.

Nimekukasirikia, na bora nikuandikie kuliko nikae na kinyongo. Nilipomzika mwanangu watu walikuja, wakakaa, wakaimba, wakaondoka. Baada ya hapo nililala mchana kutwa. Laurenti akirudi kazini ndiye aliyewasha moto, akapika, akala peke yake, nami simsemeshi. Siku ile ya shimo ndiyo siku ya kwanza niliyotoka nje pasipo kusukumwa na mtu. Tangu hapo naamka asubuhi kwa sababu yuko wa kumpa uji. Wakimpiga risasi mbele ya mlango wangu, Shangazi, mimi nitarudi kitandani na sijui kama nitatoka tena. Nasema kweli.

Kwa hiyo nimeamua bila ruhusa yako. Jumatano Miraji atamvusha Pangani kwa pantoni na kumshusha kwako, ndani ya tenga lililoshonwa mdomo. Wazee wa hapa wanasema paka aliyevushwa mto harudi tena, basi mwambie Chiku aondoe wasiwasi. Ukimkataa, mkatae uso kwa uso.

Mwanao mkaidi,
Dorkasi


Kigombe
23 Machi 1956

Dorkasi,

Hatujambo. Nakuandikia kidole kikiwa kimefungwa kitambaa, usishangae mwandiko.

Paka wako alifika. Miraji alimshusha huku kakunja uso, maana alilia njia nzima. Nilikuwa nimejiapiza kwamba tenga litarudi na basi lile lile. Nikalegeza mshono kidogo nimwone tu. Akanitazama kwa hilo jicho lake la kuandika watu, nami mjinga nikasema karibu.

Nikamkatia samaki mbichi, changu, sehemu ya tumboni, ambayo hata Uweso simpi. Akageuza uso. Nikadhani anaumwa, au anajivuna. Ndipo nikafanya kama tunavyomfanyia kuku mgeni nyumbani: nikamshika, nikamzungusha mafiga ili alijue jiko la kwao asipotee. Dorkasi, kuku ukimkunja mabawa hutulia. Paka hana mabawa. Moto ulikuwa unawaka na chungu kinachemka. Mkia wake ukagusa figa, akanirarua kidole, akapindua chungu, akapita juu ya kichwa cha Uweso aliyekuwa anakuja kuona kuna nini, akatokomea.

Tumemwita mpaka sauti zimekauka. Hata Uweso alizunguka mikokoni akijidai anatafuta kamba yake. Hakuna paka. Nasikia watu wa Bwana Mifugo watafika na huku pia baada ya Pasaka yenu, na sasa Kigombe imeongeza paka mmoja asiye na mwenyewe, na aliyemfanya hivyo ni mimi.

Nina aibu hata ya kutia sahihi. Nisamehe.

Mboni, shangazi yako


Kambini, Mwera
27 Machi 1956

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa kidole.

Nimelia, nimemaliza. Sikulaumu, maana sikukuambia jambo moja: Karani hali samaki. Ni paka wa mashambani, amekulia kwenye mkonge kwa panya, na kwangu kwa uji. Ng'onda yako nilimpa kipande akakinusa, akakifukia mchangani kama uchafu. Usimwite kwa samaki, hatakuja. Mtafute penye panya.

Na akionekana, tafadhali mtu asimrushie jiwe.

Dorkasi wako


Kigombe
29 Aprili 1956

Mwanangu Dorkasi,

Salamu nyingi za mfungo. Saumu inatuendea vizuri, ila Uweso kila alasiri anakuwa mkali bila tumbaku yake. Najua nimekuweka roho juu mwezi mzima. Sikutaka kuandika mpaka mambo yaishe, na yameisha juzi. Kaa kitako usome.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaweka ufagio chini. Penye panya, umesema. Hapa kwetu panya wako bandani mwa Uweso, anamoweka nyavu, na masika nami huingiza humo ng'onda zisioze kwa mvua. Kila mwaka panya hula kwanza, ndipo sisi tukala mabaki, na nyavu huzitoboa kwa sababu ya ile harufu. Chini ya mlango pana tundu tulilolizoea hata hatulioni. Nikamwita Uweso, tukafungua.

Karani alikuwa amelala juu ya matenga ya ng'onda, juu kabisa, miguu ameikunja kifuani. Mikia ya panya imetapakaa sakafuni. Nikapekua matenga yote, wala sikuona samaki hata mmoja aliyeguswa. Uweso akalivuta jarife lake, ule wavu mkubwa, uani, akalikunjua lote, akalipitia kwa vidole akitafuta tundu jipya la kulalamikia. Akalikosa, akakaa chini juu ya wavu wake. Jioni ile alimtengea uji kwenye kifuu, akadhani sioni.

Habari ikatembea. Chiku akaja kuniomba paka akalale kwake kidogo tu, kwa ajili ya mchele wake. Saleha, yule aliyepaliwa kwa kucheka, akafunga safari toka Tongoni na jogoo mzuri kwapani ili tubadilishane. Nikamrudisha na jogoo wake. Sikuwa na maneno makali, nilimwambia tu kwamba paka mkubwa ana tabia zake tayari.

Juzi likaja gari la Bwana Mifugo, Jumbe Safari akitangulia kuwaonyesha nyumba. Mvua ilikuwa imekatika, mimi nageuza ng'onda juani, na Karani kajilaza katikati ya samaki, anajilamba. Wametoka kupiga mbwa wawili upande wa pili, mlio tumeusikia. Yule mwenye bunduki akamtazama paka, akasema huyu hana mwenyewe, hakuna mtu mwenye akili anayefuga paka kwenye samaki, huyu kaja kuiba. Akauliza kwa desturi tu, ni wa nani. Nikafungua mdomo. Uweso akanitangulia.

"Wangu," akasema. "Na samaki wangu. Yeye ndiye anayewalinda. Huamini, simama hapo umuone."

Miaka yote ya ndoa yetu sijamsikia mume wangu akisema neno kwa sauti ile. Wakasimama kweli, na Jumbe, na nusu ya mtaa. Nikachukua kipande kinono kuliko vyote nikakiweka mbele ya pua ya Karani. Nilikuwa nimeiamini barua yako, Dorkasi, lakini pale nilisoma bismillahi kimoyomoyo. Akakinusa. Akakitazama. Akachimba mchanga, akakifukia, kisha akamgeukia mwenye bunduki akamkodolea macho, anamwandika.

Wanawake walipiga vigelegele, mchana, katika mfungo, na Jumbe hakutukataza, maana naye alikuwa anacheka. Uweso alisuka uzi wa wavu pale pale, akamvisha shingoni mbele yao ili ajulikane ana kwao. Gari likaondoka. Mimi nikaingia ndani nikalia kwa furaha, na nililia kwa ajili yako pia. Usirudi kitandani, mwanangu. Hakuna haja.

Shangazi yako,
Mboni


Muheza
8 Julai 1956

Shangazi yangu,

Shikamoo wewe, shikamoo Mzee Uweso shujaa. Barua yako ya mwezi wa nne nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Siku ya kwanza nilicheka kwa sauti hata Laurenti akatoka kuuliza kuna nini, naye akasimama tu mlangoni akinisikiliza. Alisema alikuwa amesahau sauti hiyo.

Kama uonavyo hapo juu, tumehama kambi. Laurenti amepata kazi karakana ya hapa Muheza, kifua kimetulia. Tuna nyumba yetu wenyewe, vyumba viwili na ua, nimepanda mchicha. Jirani yetu Elizabeti ana mbuzi na bata, na hakuna anayemkataza mtu kufuga.

Kwa hiyo nina ombi, na naliandika kwa haya. Sasa naweza kusimama nikasema huyu ni wangu. Nikimtuma mtu kwa basi, utanipa Karani?

Mwanao,
Dorkasi


Kigombe
17 Julai 1956

Mwanangu Dorkasi,

Marahaba sana, na hongereni nyumba. Nimefurahi kwa kifua cha Laurenti, na zaidi kwa kicheko chako. Sisi wazima wote, pamoja na yule unayemtaka.

Nimemsomea Uweso barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kufunga mlango wa banda. Hilo ndilo jibu lake. Langu ni hili: simtoi. Uliponiletea paka nilikataa, sasa unamtaka nakataa vilevile, na mara hii sitabadilika. Asubuhi anapita kwa Chiku kukagua mchele, mchana analala kivulini kwenye ukuta wa msikiti, magharibi anarudi kwenye matenga yake, na akichelewa mume wangu hawezi kula. Ameshahamishwa mara moja, amejiokoa mwenyewe, amejipatia watu. Ulimtafutia kwao, na kwao ndipo hapa. Usije ukamvunjia kwao kwa kumpenda.

Lakini nyumba hii ni yako kabla ya kuwa ya paka. Njoo na Laurenti, mkae mpaka mchoke. Mkeka wako nimeuanika.

Shangazi yako,
Mboni
na Uweso, mwenye paka