Stika Kwenye Karatasi Tupu

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mimi mdogo wako sijambo, Mama hajambo, na Baba amerudi salama na lori lake, anakohoa kidogo tu na hataki dawa. Natumaini huko uliko kazi haijakumaliza nguvu, na kwamba shemeji na mtoto wanaendelea vizuri. Mbusu mtoto kwa niaba yangu hata kama atalia. Nakuambia mapema kwamba hapa nyumbani hakuna mgonjwa wala msiba, kwa sababu huenda ukasikia kwa watu kuwa majirani wamekuwa wakija kukaa sebuleni kwetu wameinamisha vichwa. Ni kweli wamekuja. Lakini hakuna aliyekufa. Nitakueleza, ingawa mimi mwenyewe sijaelewa, na ndiyo maana nakuandikia.

Unaikumbuka hali ya shule ya bondeni. Mvua zikizidi, maji bado yanaingia hadi chini ya madawati, na watoto wamepungua sana tangu tulipotoka mimi na wewe. Mama bado anafundisha darasa la kwanza, chumba kilekile cha mwisho. Sasa ofisi ya elimu ya wilaya imetangaza kwamba inapanga upya majengo ya shule zote, na safari hii haitaki kuamua peke yake, inataka wananchi washirikishwe. Neno hilo la kushirikishwa nimelitafuta kwenye kamusi na halikunisaidia. Walimtuma dada mmoja kijana, mwenye miwani na mirija mikubwa ya karatasi kwapani. Fundi viatu wa pale kona akambatiza Bi Mipango siku ileile, na jina limemganda kiasi kwamba hata mwenyekiti wa kamati analitumia.

Mimi nimo katika kamati hiyo. Usicheke. Mwalimu wetu mkuu alisema wanafunzi wa sekondari wanahitaji mwakilishi mwenye busara, akaniteua mimi. Wewe unajua sina busara, nina woga, ndiyo maana uliniita Konokono, ila mtu akinyamaza kwa muda mrefu watu huchanganya hayo mawili. Nilikwenda na daftari jipya, nikakaa karibu na mlango.

Mkutano wa kwanza ulifanyika katika ukumbi wa shule ya juu, ile ya mlimani. Bi Mipango alibandika karatasi kubwa ukutani, kila moja ina hitaji lake, mengine yaliletwa na ofisi na mengine tuliyaandika sisi: vyoo vya shule ya juu, maktaba, uzio wa upande wa barabara, ukarabati wa shule ya bondeni, maabara, na mengine. Kila mtu akapewa stika chache za kijani, abandike kwenye yale anayoyaona ya lazima kuliko mengine. Alitueleza kwa upole kwamba hatuwezi kupata vyote, kwa hiyo tuwe wachoyo kidogo. Kaka, alikuwa anaongea na watu wa mtaa wetu! Muuza mitumba aliandika hitaji la uzio, basi mwenye duka la dawa akaona haya kupita karatasi yake bila kubandika chochote, na muuza mitumba naye akarudisha heshima kwenye vyoo vya mwenye duka. Watu walizunguka ukumbi kama wanatoa mkono kwenye harusi, wasimruke mtu. Fundi viatu alisimama mbele ya maabara, akauliza maabara ni ya nani, akaambiwa si ya mtu, akasema basi masikini naye apewe moja.

Mwishoni Bi Mipango alihesabu, akavua miwani, akahesabu tena. Kila karatasi ilikuwa karibu sawa na mwenzake. Alisema kwamba hajawahi kuona jambo hilo. Mwenyekiti alifurahi sana. Alimshukuru, akasema hiyo ndiyo dalili ya mtaa wenye umoja.

Kwa hiyo ikabidi uitishwe mkutano wa pili, na safari hii swali likawa moja tu: shule ya bondeni ikarabatiwe ibaki, au ifungwe na watoto wahamie shule ya juu, ambayo itaongezewa madarasa ya wadogo kwa ajili yao. Karatasi mbili, na kila mtu stika moja.

Wiki ile mtaa mzima ulizungumza habari hiyo, na kaka, kila aliyezungumza alinishawishi. Asubuhi nilikuwa upande wa kubaki, mchana nimehamia upande wa kufunga, jioni sijui niko wapi. Lakini niligundua kitu. Hakuna aliyekuwa anaizungumzia shule. Walikuwa wanamzungumzia Mama. Mwenye duka la dawa alisema binafsi angependa mwanawe asome juu, kuko karibu na kukavu, lakini tutamfanyaje Mwalimu, amewafundisha kusoma mtaa mzima. Muuza mitumba akasema kumfungia Mwalimu shule ni sawa na kumtoa mtu nyumbani kwake. Mwenyekiti aliapa kwamba yeye akiwa hai mlango ule hautafungwa. Na Mama kila akisikia hayo anawashukuru, anasema hata yeye hawezi kuwaacha watoto wao. Nilimwonea fahari. Nikaamua na mimi ni wa kubaki, nikatulia.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Siku moja baada ya masomo niliteremka bondeni kumpelekea Mama mwavuli, kwa sababu mawingu yalikuwa yamefunga. Mvua ilinikuta mlangoni. Unajua mvua inavyopiga yale mabati, hakuna dari, ni kama mtu anamwaga kokoto juu ya kichwa chako. Watoto walikuwa bado wamo ndani wakisoma kwa sauti mmoja mmoja. Mtoto mmoja alisimama akasoma sentensi yote vibaya, vibaya kabisa, hata si maneno ya kitabu, aliyatunga mwenyewe na wenzake wanacheka. Mama akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri sana, kaa chini. Akasimama wa pili naye akasoma upuuzi, akaambiwa vizuri sana.

Nilidhani amechoka. Watoto walipoondoka nilimwita kutoka nyuma, mara ya kwanza, mara ya pili, na hakugeuka mpaka aliponiona kwenye kioo cha dirisha. Nadhani uso wangu ulisema kila kitu, maana aliketi kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kifuani, akaniambia. Sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia linasikia mtu akiwa karibu, na mvua ikinyesha hasikii lolote. Ndiyo maana kila ukipiga simu anasema mikono ina maji, ananipa mimi nizungumze. Nyumbani hatukuona kwa sababu Baba maisha yake yote amekaa juu ya injini, anaongea kwa kelele hata akiomba chumvi.

Aliniambia anatamani waifunge. Alisema hivyo kwa maneno hayo. Ikifungwa ataondoka pamoja nayo, astaafu kwa heshima, na hakuna atakayeuliza sababu. Ikibaki itabidi aendelee kuwaambia watoto vizuri sana. Nikamuuliza kwa nini basi anawaambia majirani kwamba hawezi kuwaacha. Akasema watu wanakupigania, nawe uwaambie nini, wakae chini? Kisha akaniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe, kwa sababu utaacha kazi ukaja mbio.

Nimevunja kiapo, kaka. Tafadhali usije mbio. Soma kwanza hadi mwisho.

Mkutano wa pili ulifika. Kabla ya kubandika, wasemaji walisimama, na kila mmoja alisema yuko tayari kutembea na mtoto kwenye tope kwa ajili ya Mwalimu. Mama alikaa mstari wa mbele anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, na mimi sasa nilijua kwamba nusu ya yale hayasikii. Bi Mipango alisema wadogo waanze, wasije wakawaiga wakubwa. Mdogo kuliko wote ni mimi.

Nilisimama na stika imenigandia kidoleni kwa jasho. Nilifikiria kwamba wote wanabandika kwa ajili ya Mama, na Mama anakubali kwa ajili yao, na hakuna hata mmoja katika ukumbi ule anayetaka kile atakachokichagua. Au labda nilifikiria hivyo baadaye, ninapokuandikia. Pale nadhani sikufikiria kitu. Nilikwenda, nikabandika stika yangu kwenye karatasi ya kufunga, peke yake katikati ya weupe wote ule, nikarudi kukaa.

Nilisikia mtu nyuma yangu akisema ee Mungu, mtoto wa kumzaa mwenyewe. Kisha fundi viatu akainuka, akakohoa, akasema mtoto akililia wembe mpe, naye akabandika chini ya yangu. Akafuata mwenye duka la dawa bila kututazama. Muuza mitumba akasema kwa sauti kwamba kama wenye nyumba wamefungua mlango, mgeni azuie nini. Baada ya hapo walikwenda kwa mafungu, na nilijua kwa jinsi walivyotembea kwamba ndicho walichokuwa wanakitaka tangu mwanzo.

Mama alibandika mwisho. Alibandika kwenye karatasi ya kubaki. Hapo ndipo nilipopotea, kaka, na bado sijapata njia. Huko kulikuwa na stika yake na ya mwenyekiti, basi.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja chumbani akalia. Si kilio cha kusingizia. Nilikaa nje ya mlango na kitabu nisichokisoma. Baba aliuliza kwa sauti yake ile kuna nini, nikasema shule imefungwa, akasema si ndiyo vizuri, akaona uso wangu akatoka nje kukagua lori. Majirani wakaanza kuja kutoa pole, walewale waliobandika, na mimi wakinisalimu kwa ncha za vidole kana kwamba nimemuuza mama yangu.

Shule haifungwi leo, hadi madarasa mapya yaishe. Kwa hiyo keshoye Mama alivaa, akateremka kazini. Mtoto wa kwanza aliposimama kusoma, Mama alimwita mbele, akageuza uso, akamwambia soma hapa, sikio hili ndilo linalosikia, lile jingine limestaafu. Hayo nimeyajua kwa sababu darasa la kwanza halina siri. Kabla ya chakula cha mchana mtaa mzima ulikuwa nayo. Nilimkimbilia fundi viatu nimwombe asimcheke. Akanitazama kwa mshangao. Alisema yeye anajua tangu mwaka jana, ndiyo maana humwamkia kwa kupunga mkono. Muuza mitumba anajua. Mwenye duka la dawa ndiye aliyemuuzia dawa za masikio. Mwenyekiti pia anajua. Hakuna aliyesema, kwa heshima. Walidhani shule ndiyo inayompa nguvu ya kuamka, nao hawakutaka kumnyang'anya.

Wiki iliyopita Bi Mipango alikuja na michoro ya madarasa mapya, akauliza nani ana la kusema. Mama alisimama. Alisema kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika, kama wasemavyo watu wasiosikia sauti yao wenyewe, kwamba kila chumba cha wadogo kiwekwe dari, ili mvua ikinyesha mwalimu aweze kuwasikia watoto na watoto wamsikie mwalimu. Bi Mipango aliandika, akasema hilo ndilo hitaji la kwanza tangu aje hapa linalomwambia ajenge nini. Kisha akaongeza, bila nia mbaya, kwamba dari ni jambo dogo, lingewezekana hata kwa jengo la bondeni kama lingetajwa kwenye mkutano wa kwanza.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Kwenye karatasi zote zile hakukuwa na hata moja iliyoandikwa dari. Jana Mama alikuwa anakunja nguo, nikasimama kando yake, nikamuuliza kama angepewa dari bondeni angetaka kubaki, na kama mimi nilimsaidia au nilimfungia mlango. Aliendelea kukunja shati la Baba, mkono juu ya mkono. Nilikuwa nimesimama upande wake wa kushoto. Sijui kama hakunisikia, au alinisikia. Na kaka, sikupata ujasiri wa kuzunguka kwenda upande wa pili.

Baba anakusalimu kwa kelele zake zote. Mama anakusalimu sana, anasema ule na usivae nguo mbichi. Majirani wote wanakukumbuka, na wengine wameanza kunisalimu tena kwa mkono mzima. Ukinijibu, niandikie wewe ungebandika wapi. Ila usiniambie kwamba nilifanya vizuri kama huamini hivyo.

Wasalamu,
Mdogo wako akupendaye,
Konokono