Fomu Isiyojua Udongo

Mama, shikamoo. Mwanao niko Mgeta, juu milimani Uluguru, na baridi inang'ata. Leo nimekagua nyumba ya bibi mmoja anayeomba cheti cha nyumba bora. Siku hizi saruji imejaa madukani, ila yeye kajenga kwa matofali mabichi ya udongo. "Ningeyachoma," alisema, "tanuri lingemaliza miti yote ya hapa." Lakini fomu ya ofisini inajua saruji na matofali ya kuchoma tu, nikaandika: "Nyumba duni." Mara mvua kubwa ikashuka. Akanikaribisha ndani, akanipa ndizi na maharage ya moto. Halikuvuja hata tone. Aliponiuliza nimeandika nini, nikainamia sahani. Mungu akulinde, Mama, humo kwenye tembe letu la udongo.