Macho ya Chura wa Bwawani

Kitengela

Takwenya, nakusalimu, mjukuu wangu Naserian. Huku tuko salama, na yule mbuzi mweusi wa mjomba wako amezaa mapacha. Pole na joto la Magadi. Picha ya mjusi wako nimeipenda, hata kama ulitokea mkia wake tu.

Umeniuliza kama mimi pia nilichekwa nilipoanza kupiga picha za vyura. Nilichekwa sana. Shangazi aliponipa kamera yake ya filamu, watu walingoja nipige picha za harusi. Mimi nikaenda kulala kifudifudi kwenye matope ya bwawa letu, na jirani akamwambia Mama anipeleke kanisani niombewe.

Picha ya chura mmoja ilisafishwa studio, kule Kiserian. Nilimpa Baba nikitarajia kugombezwa. Baba alikuwa amesikia vyura wakilia kila mvua, maisha yake yote. Aliisogeza karibu na uso, akasema, "Kumbe iko na macho ya dhahabu." Tangu hapo, akinywesha ng'ombe, aliwazuia wasikanyage upande wa nyasi, walikokaa vyura.

Kwa hivyo waache wacheke, wewe rudi kwa mjusi wako. Hapa nyuma ya ploti limebaki bwawa moja, na mwenye bwawa anataka kulijaza udongo. Mvua ikianza nitalala tena kwenye matope, magoti yapende yasipende. Kisha nitampelekea picha mkononi, aniambie mwenyewe macho hayo ni ya rangi gani.

Koko wako